Kamali, astrolabu, fimbo au sufuria: uchague kipi kufundishia safari za wapelelezi?

Mada ya wapelelezi, yaani Wazungu waliosafiri kuzichunguza bahari na nchi zetu, huwa tunaifundisha kwa orodha. Vasco da Gama, 1498. Burton na Speke, 1857. Stanley, 1874. Wanafunzi wananakili, wanakariri, wanafaulu, basi. Mwaka mmoja binti wa Kidato cha Kwanza, wa dawati la nyuma, akaniuliza: "Mwalimu, huyo Speke alijuaje kwamba yuko pale alipo?" Nikamwambia alikuwa na vifaa. Vifaa gani? Nikasema dira. Nilijua papo hapo kwamba nimejibu ovyo, maana dira hukuonyesha unakoelekea, haikwambii ulipo.

Tangu hapo nimeacha kuanza na majina. Naanza na kifaa: wanafunzi wakitengeneze, wapime nacho, ndipo tuje kwa mtu aliyekitumia. Shida ni muda. Ukibahatika una vipindi viwili vya dakika 40, na darasa la watu sabini. Huwezi kufanya vyote. Hivi vinne nimevijaribu, na viwili kati yake vimewahi kuniumbua mbele ya darasa, kwa hiyo nakupa ninavyovijua.

Kwanza ujue kila kimoja kinajibu kipande gani cha swali la yule binti. Kamali na astrolabu hukwambia uko mbali kiasi gani kutoka ikweta. Fimbo peke yake hufanya kazi hiyohiyo, lakini ukiipa saa, inakwambia pia umeenda mashariki au magharibi kiasi gani, jambo ambalo mabaharia walihangaika nalo kwa karne nyingi. Sufuria, yaani maji yanayochemka, hukwambia umepanda juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari.

Kamali

Wanafunzi watacheka, watadhani umesema kamari. Waache wacheke kisha waonyeshe: kibao kidogo cha mbao kilichotobolewa katikati, na uzi wenye mafundo. Baharia aling'ata fundo, akanyoosha uzi, akauweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari na kutazama kama nyota inagusa ukingo wa juu. Fundo moja liliweza kuwa la bandari fulani: nyota ikikaa sawasawa kwenye fundo hilo, uko kwenye mstari wa bandari hiyo, geuza chombo uelekee mashariki au magharibi mpaka uione nchi kavu. Walipima kwa isba, yaani kidole, ambacho ni kama digrii 1.6. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliandika kwa kirefu kuhusu vipimo hivi mwishoni mwa karne ya 15.

Darasani hakuna kifaa rahisi kuliko hiki. Chukua rula, ifunge uzi, hakikisha inakaa sentimita 57 kutoka kwenye jicho. Kwa umbali huo kila sentimita ya rula ni digrii moja, alimradi pembe ni ndogo. Usiwaache watoto sabini wang'ate uzi mmoja. Ushikwe kwenye shavu, chini ya jicho, inatosha. Mchana wapime minazi, mnara wa simu, mnara wa msikiti.

Usiku ndipo nilipoumbuka. Niliwatoa wanafunzi wa bweni uwanjani tukaanza kuitafuta nyota ya kaskazini, kama kitabu kilivyosema. Kitabu kilitungwa na mtu wa nchi za kaskazini. Ukiwa kusini mwa ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo. Dar es Salaam haichomozi kabisa. Manahodha wa Bahari ya Hindi walilijua hilo. Nyota hiyo, waliyoiita Jah, ilipozama wakielekea huku kwetu, walihamia kwenye Farqadan, nyota mbili zinazoizunguka. Mwanzoni mwa Julai, mnamo saa mbili na nusu usiku, ile ing'aayo zaidi kati ya hizo mbili hufikia kilele chake upande wa kaskazini: kwa Dar ni kama digrii 9 tu juu ya upeo, kwa Malindi ni kama 12 na nusu. Yaani kwenye rula yako, sentimita 9 na sentimita 12 na nusu. Mwenye ndugu Malindi ampigie simu usiku huo huo.

Kasoro yake iko wazi: unahitaji usiku, upeo safi wa kaskazini na anga lisilo na ukungu. Shule ya kutwa iliyozungukwa na maghorofa isahau.

Ila hadithi inayokuja na kamali ndiyo tamu kuliko zote. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 7, 1498, hakuelewana na wenyeji, akasonga hadi Malindi. Mfalme wa Malindi akampa mtu wa kumvusha bahari hadi India. Wareno walimwandika kwa cheo, Malemo Cana. Hilo "malemo" ni muallim, mwongoza chombo, na ni neno lilelile tunaloitwa sisi kila asubuhi: mwalimu. Waambie wanafunzi wako hivyo uone watakavyokutazama. João de Barros, Mreno aliyeandika katika miaka ya 1550, anasimulia kwamba Gama alimwonyesha mtu huyo astrolabu zake akitegemea atashangaa. Hakushangaa. Alisema mabaharia wa Bahari ya Shamu wana vifaa vyao vya shaba vya kupimia jua na nyota, naye akatoa chake mwenyewe, cha vibao vitatu. Wengi wameandika kwamba mtu huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe. Wanahistoria wengi leo hawakubali, na Barros anamtaja kama mwenyeji wa Gujarat. Ukikuta jina la Ibn Majid kwenye kitabu cha kiada kama jambo lisilo na shaka, hapo una somo jingine la bure.

Waliondoka Malindi Aprili 24, wakatia nanga karibu na Calicut, India, Mei 20. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuwasukuma. Wakati wa kurudi hawakungoja kaskazi, upepo unaovuma kutoka kule kuja huku: walianza kuvuka mwanzoni mwa Oktoba, wakaiona pwani ya Mogadishu Januari 1499, karibu miezi mitatu baharini, na watu kama thelathini wakafa kwa kiseyeye. Bahari ileile, meli zilezile, astrolabu zilezile. Mtoto wa mvuvi anayejua kwamba kaskazi huja mwishoni mwa mwaka ataeleza kosa hilo kabla hujafungua mdomo.

Astrolabu

Hii ndiyo walimu wengi huikimbilia kwa sababu ina sura: pete ya shaba, digrii pembeni, mkono unaozunguka. Picha zake ni nzuri na wanafunzi hupenda kuikata kwenye boksi gumu. Moja ilipatikana mwaka 2014 kwenye mabaki ya meli ya Kireno iliyozama mwaka 1503 karibu na kisiwa cha Al Hallaniyah, Oman. Upana wake ni sentimita 17.5, unaweza kuichora kwa ukubwa wake halisi ubaoni.

Kama kifaa cha kujifunzia, mimi naiweka ya mwisho. Ya boksi ni nyepesi, upepo unaipeperusha, na ya kweli ilikuwa nzito makusudi ili itulie. Hata nzito ilisumbua: Novemba 1497, Gama alipofika ghuba ya Mtakatifu Helena upande wa magharibi wa Afrika Kusini, alishuka nchi kavu kupima jua kwa astrolabu ya mbao yenye upana wa shubiri tatu, kwa kuwa chombo kikiyumba hupimi kitu. Halafu kuna jambo ambalo picha haisemi. Urefu wa jua peke yake haukupi jibu, kwa sababu jua lenyewe huhama kaskazini na kusini mwaka mzima. Inabidi uwe na majedwali ya siku kwa siku, na Wareno waliyapata kutokana na kazi ya Abraham Zacuto, mnajimu Myahudi. Kwa hiyo unapochagua astrolabu umechagua pia kufundisha jedwali, na vipindi viwili havitoshi.

Tena kuna usalama. Mtoto ukimwambia apime jua, atalitazama. Astrolabu ya baharini ilipitisha mwali kwenye tundu la juu uangukie tundu la chini, baharia hakuwa analikodolea macho. Nimeona darasa likisahau hilo kwa sekunde kumi tu, nikasitisha zoezi.

Kama huna budi, tumia kipimapembe kilichomo kwenye mkebe wa hisabati, mrija wa kunywea soda, uzi na jiwe dogo kama timazi ya fundi mwashi. Hiyo si astrolabu bali ni aina ya robo, yaani kifaa cha kupimia pembe kwa timazi, lakini inapima vizuri zaidi, na usiku unaweza kuielekeza kwenye Msalaba wa Kusini bila kuhitaji upeo wa bahari.

Fimbo na simu

Safari hii fimbo si ya kuchapia. Iwe ya mita moja, isimame wima kwa timazi kwenye uwanja tambarare. Chora duara kuizunguka kwa uzi na chokaa. Asubuhi, ncha ya kivuli ikigusa duara, andika saa na weka kigingi. Mchana ikigusa tena, andika saa na weka kigingi cha pili. Katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo saa sita ya jua ya shule yako, na mstari unaotoka kwenye fimbo hadi katikati ya vigingi viwili ndio kaskazini na kusini halisi, bila dira.

Kwa kipimo cha kaskazini na kusini, siku nzuri ni Machi 21 au Septemba 23, jua likiwa juu ya ikweta. Hapo huhitaji jedwali la Zacuto. Kivuli cha saa sita cha fimbo ya mita moja Dar es Salaam ni sentimita 12 hivi. Ukichora pembetatu yake kwa kipimapembe unapata karibu digrii 6.8, na hizo ndizo digrii za Dar kutoka ikweta. Mbeya kivuli ni karibu sentimita 16. Nairobi ni sentimita mbili na kidogo. Nanyuki, penye ikweta, hakuna. Zidisha digrii kwa kilomita 111 na mtoto anajua yuko mbali kiasi gani kutoka ikweta, kwa fimbo.

Raha yenyewe ni mashariki na magharibi. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika 4. Tafuta shule rafiki mbali upande wa magharibi, mfanye zoezi siku ileile, mpeane saa sita ya jua kwa simu. Kati ya Dar na Kigoma tofauti ni kama dakika 39. Kati ya Mombasa na Kisumu ni kama dakika 20. Gawanya kwa 4. Saa ya simu ni ileile Tanzania, Kenya na Uganda, ila jua halisomi simu: Dar linafika katikati kama saa sita na dakika 23, Kigoma saa saba na kidogo. Nyakati hizo zenyewe husogea hadi robo saa huku na huku kufuatana na mwezi, lakini tofauti kati ya miji miwili haibadiliki. Wanafunzi wangu walipopata dakika 36 walifurahi kuliko wangepata 39, kwa sababu walibishana wiki nzima nani alisoma kivuli vibaya.

Sasa ondoa simu, na umefika kwenye tatizo la Livingstone na Speke. Ili ujue uko magharibi kiasi gani, lazima ubebe saa inayotunza wakati wa mahali ulipotoka. Bunge la Uingereza liliweka zawadi mwaka 1714 kwa atakayetatua jambo hilo baharini. Saa ya John Harrison ikajaribiwa kwenye safari ya Jamaica mwaka 1761. Miaka mia moja baadaye saa za namna hiyo zilipandishwa nchi kavu kutoka pwani yetu, zikavuka mito, zikadondoka. Za Burton na Speke ziliharibika, ikabidi wahesabu sekunde kwa risasi iliyoning'inizwa kwenye uzi. Hilo nalo jaribu: uzi wa sentimita 99 na jiwe dogo huchukua sekunde moja kwenda na sekunde moja kurudi.

Kasoro ya fimbo ni moja: inakula siku. Kigingi cha kwanza saa nne, cha pili saa tisa hivi. Panga zamu za wanafunzi wawili wawili watoke darasani, na ongea na walimu wenzako mapema.

Sufuria

Shule ya bara ambayo haijawahi kuona upeo wa bahari, kifaa chenu ni hiki. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kama digrii moja ya sentigredi kila mita 300. Dar ni 100. Dodoma ni kama 96. Nairobi na Mbeya ni kati ya 94 na 95, ndiyo maana maharage ya huko yana kiburi.

Unahitaji jiko, sufuria na kipimajoto cha maabara kinachofika 110. Kipimajoto kisiguse chuma cha chini. Kiwe kwenye mvuke, juu kidogo ya maji. Mimi nilikiacha kiguse, kikapasuka, na mkuu wa maabara hakunisemesha siku mbili.

Speke alipofika Mwanza mwanzoni mwa Agosti 1858 na kuliona ziwa aliloliita Victoria, alichemsha maji na kupata mwinuko wa futi 3,740, kama mita 1,140. Ziwa liko mita 1,134. Lakini Ziwa Tanganyika, kwa njia hiyohiyo, walilipatia futi 1,850 hivi, mita 560 tu, wakati liko karibu mita 770. Waulize wanafunzi: kukosea mita 210 ni kukosea kipimajoto kwa kiasi gani? Sehemu saba za kumi za digrii moja. Burton na Speke waligombana miaka mingi juu ya chanzo cha Nile, Burton akitetea Tanganyika na Speke Victoria, na tarakimu hiyo iliingia kwenye ugomvi wa wanajiografia, maana maji hayapandi mlima. Swali la Tanganyika lilipata jibu bila kipimajoto chochote: mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini ya ziwa wakaukuta mto Rusizi ukiingia, hautoki. Wavuvi wa pale hawakuhitaji kusubiri 1871.

Kati ya vinne, hiki ndicho kinachomaliza kazi ndani ya kipindi kimoja. Ndicho pia chenye hatari ya kuungua, kwa hiyo kikundi kimoja kichemshe na wengine wasome tarakimu.

Basi uchague kipi

Uko pwani, una bweni, una mwalimu mwenzako wa kukaa macho nawe: chagua kamali, na hadithi yako ni ya Malindi. Uko nyanda za juu au una kipindi kimoja tu: sufuria na Speke. Una watoto wengi, fedha hakuna, uwanja upo: fimbo, na mimi ndiyo naanza nayo kila mwaka. Astrolabu mpe mwalimu wa sanaa.

Kwa kifaa chochote utakachochagua, uliza kilibebwa na nani. Cha Gama kilikaa ndani ya meli. Vya Speke na Livingstone vilikaa vichwani na mabegani mwa watu, kila mzigo karibu kilo 30. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa hadi India, alirudi Zanzibar, akamwongoza Speke wakizungumza Kihindustani, baadaye akaenda na Stanley, kisha akavuka bara zima na Mwingereza Cameron kati ya 1873 na 1875. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walipouleta mwili wake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, walibeba na karatasi na vifaa vyake pia. Mimi hulipatia darasa begi la kilo 15, nusu ya mzigo, lizunguke uwanja kwa zamu huku fimbo ikingoja kivuli. Kinachojadiliwa baada ya hapo sijawahi kulazimika kukianzisha.

Kuhusu tarehe, Machi 21 inaangukia masika ya pwani, na nimeshakaa na darasa chini ya mwembe tukingoja jua ambalo halikuja. Septemba 23 anga huwa kavu. Ndiyo ninayoiandika kwenye azimio la kazi, pamoja na siku mbili za akiba, kwani kuchelewa siku moja hukosesha kipimo kwa digrii 0.4 hivi, na kwa fimbo ya mita moja hiyo haifiki sentimita.